Upo, Lakini Haufiki

Nimepanda kutoka Zugdidi, saa nne za kona juu ya kona,
mto Enguri ukinguruma chini,
kwa kuwa Tsiuri Gulbani amenipigia mara tatu wiki hii:
"Mtandao upo, lakini haufiki."
Sentensi hiyo nimesafiri nayo njia nzima.
Upo, lakini haufiki.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Nyumba yake ni ya mawe, na ubavuni imeshikana na mnara,
kuta zenye unene wa mkono wangu na nusu,
kazi ya watu waliokuwa na visasi na jirani
wasitake kipenye chochote: mshale, moto, risasi.
Leo kuta zile zile zinazuia uso wa Nestani,
ambaye huko Bari huogesha mzee wa watu kwa yuro,
na kila Jumapili jioni huganda kinywa wazi
katikati ya neno *deda*,
ambalo kwetu ni mama.

Nafungua kompyuta kwenye meza yenye unga.
Jina la kuingilia: admin. Nywila: hilo hilo.
"Nani alikufungia?"
"Mpwa wa mume wangu. Alisoma Tbilisi."
Sawa. Mpwa wa mume ameandika nchi: Panama.
Nguvu ya kurusha: mwisho wa mwisho.
Chaneli: ijichagulie yenyewe,
nayo imejichagulia ya sita, walikojaa wote,
hoteli tatu za ng'ambo ya uchochoro
zikisema kwa pamoja kama wajomba harusini.

Narudisha nchi kwanza.
Huwezi kuishi Mestia kwa sheria za Panama.
Kisha nashusha nguvu.

"Unashusha?" Mwiko unawekwa chini. "Nimekuita upandishe!"

Namwambia: kisanduku chako kinavuma mpaka kanisani.
Simu ya mjukuu kule mnarani inakisikia, vijiti vyote vinne,
lakini simu ina koo dogo;
ikijibu, sauti yake inafia ukutani.
Shida yako si kutosikika, mama. Ni kutosikia.

Ananyamaza. Anageuza mkate.
Sina hakika kama nimemweleza habari za redio tu.

Kisanduku cha pili nakipeleka mnarani, kati ya viazi na skii za zamani,
waya nikiupenyeza kwenye tundu la kurushia mishale.
Masafa ya chini nayaachia kazi ya kupenya:
ni mazito, ya polepole, hayaogopi jiwe.
Ya juu yana mbio, ila ukuta mmoja tu
na yanarudi nyumbani.
Upana, kutoka themanini hadi ishirini.
Chaneli, mia moja.

Hapa inabidi kungoja.
Chaneli hii ina wenyewe, rada za mvua na za ndege,
na kanuni inataka kisanduku kikae kimya dakika nzima,
kisikilize kama mwenyewe yupo,
ndipo kitamke neno la kwanza.

Taa inapepesa.
Bimurza, miaka tisa, ameacha mchezo wake.
Tsiuri amekuja mlangoni, mikono ina unga.
Ng'ombe anajikuna kwenye lango.
Theluji inateleza paa la jirani, inaanguka, pu.
Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Kijani.

Leo ni Alhamisi, si siku yao, lakini anapiga.
Nestani anapokea kwa kunong'ona, mzee amelala.
Haanzi kuganda. Anasogea, anapisha nywele sikioni,
na picha ni safi, safi kuliko inavyofaa.

"Nestani," anasema mama yake. "Mvi hizo ni za lini?"

Nawapa mgongo. Nina kazi:
naandika kwenye karatasi ya gundi, kwa herufi kubwa,
naibandika nyuma ya kisanduku
ili mpwa wa mume aione akija Pasaka:
MIA MOJA. ISHIRINI. NGUVU KUMI NA NNE.
USIGUSE.